Taa ya Mlangoni

Asubuhi hiyo taa iliyo juu ya mlango wa Mwanamvua iliamka nyekundu, na mtaa mzima uliiona. Jirani yake, Chausiku, alikuja na sahani ya vitumbua, kama ilivyo ada kwa mtu ambaye taa imemwambia kuwa juhudi zake hazitafika popote.

"Umetua mzigo, shoga yangu. Sasa hakuna wa kukulaumu."

Tangu mumewe Kombo apooze, Mwanamvua alikuwa akimkanda mguu kwa mafuta ya nazi kila kukicha, kisha akimsimamisha na kumshikilia asianguke. Taa ilipokuwa ya kijani, sheria ilimtaka aendelee. Sasa aliruhusiwa kuacha, abaki kumlisha na kumgeuza tu, basi.

"Taa haikosei," Chausiku alisema kwa upole.

"Najua. Lakini anayemkanda ni mimi."

Alipanda kiti, akaifunika taa kwa kipande cha kanga, akaingia chumbani na chupa ya mafuta. Kombo alikuwa macho. Kutoka kitandani hakuweza kuuona mlango wa nje, kwa hiyo kila asubuhi aliuliza swali lilelile.

"Mama Zuhura, leo taa ina rangi gani?"

"Kijani," Mwanamvua alijibu, akimimina mafuta kiganjani. "Bado tunaendelea."

Kombo alifumba macho, kama mtu aliyeomba ruhusa ya kupumzika siku nyingi, akanyimwa tena.

"Haya," alisema. "Nisimamishe."