Bakuli la Bi Mwatime

Kila nyumba hupewa chupa moja ya dawa ya moyo kwa mwaka, nasi huiweka kwenye friji. Mshipa wa moyo ukiziba, wauguzi humdunga mtu dawa hiyo kwanza ndipo wauzibue, maana damu ikirudi ghafla huunguza moyo.

Yetu ilitumika Machi. Jirani yetu, Bi Mwatime, alianguka jikoni kwangu akisubiri nimpimie hiliki, nami nikawapa wauguzi chupa yetu bila kufikiri. Yake bado iko kwake, nzima.

Tangu juzi mume wangu, Shekue, anausugua mkono wa kushoto.

"Nimelalia vibaya," anasema.

"Nimwombe Bi Mwatime ile yake?"

"Kilichotolewa hakidaiwi, mama Nuru."

Basi leo asubuhi nikampelekea jirani bakuli la kunde za nazi, nikamwambia tu kwamba Shekue halali usiku kwa mkono wa kushoto. Kwetu bakuli halirudi tupu. Tangu hapo nimefagia ua mara tatu.

Alasiri akalirudisha, limefunikwa kawa. Nikafunua palepale mlangoni. Visheti tu, bado vya moto.

"Mpe pole," akasema, macho yake chini.

Nikamshukuru, nikaanza kuwaza kesho nimpelekee nini.