Mvumo Ukumbini

Bi Mwanahija aliishika maikrofoni kwa vidole viwili, kama ashikaye mkia wa panya, akamtazama fundi aliyekuwa akitambaa jukwaani kufuata nyaya. Tangu adhuhuri spika zilikuwa zikivuma, mvumo mzito usiokoma.

"Fundi gani wewe?" alisema. "Hata redio ya kinyozi usingeiweza. Nimeimba ukumbini humu tangu hujaota meno, na mitambo yenu inanifunika sauti kila siku."

Shekue, yule fundi, aliufuata waya wa kinanda hadi kaunta ya vinywaji ulikochomekwa. Akauchomoa, akauleta jukwaani na kuuchomeka pamoja na mitambo mingine.

"Kinanda kilikuwa kinakula umeme wa kule, mitambo inakula wa hapa," alisema. "Ndiyo maana vilikuwa vinagombana."

Mvumo ukakatika. Ukumbi ukatulia hata feni zikasikika.

"Haya, mama, jaribu."

Bi Mwanahija alibetua mdomo, akaimba ubeti wa kwanza. Sauti yake ikatoka peke yake, kavu, ikapasuka pale alipoipandisha. Akarudia. Ikapasuka palepale. Shekue aliinamisha macho, akajifanya anakunja waya, na heshima hiyo ikamchoma mama kuliko tusi.

Nje, wageni wa harusi walikwisha anza kuteremka magarini.

"Hujui kazi," alisema, safari hii kwa kunong'ona. "Rudisha ule waya ulikokuwa."

Shekue aliuchomoa, akasimama nao katikati ya ukumbi, huku mlango mkubwa ukifunguliwa.