Ua Lililopinda

Genoveva alimkuta binti yake sebuleni, amekaa chini, anakifumua tena kitambaa cha meza alichokuwa akikifuma tangu shule zifungwe. Kidole cha shahada kimechubuka, na uzi mweupe umeingia damu.

"Kuna nini tena, mwanangu?"

"Ua hili limepinda."

Genoveva aliinama akatazama. Hakuona kilichopinda. Alikuwa amechoka kubembeleza, na hasira zikampanda.

"Nani atakayeliona?"

"Wewe." Msichana hakuinua macho. "Niliposhika nafasi ya pili darasani, uliniuliza nimekosea wapi."

Genoveva alimnyang'anya kitambaa, uzi ukining'inia, akakitandika mezani hivyo hivyo. Akaenda jikoni, akarudi na sufuria ya migebuka, akaitua juu yake. Mchuzi wa mawese ukaruka na kutia doa jekundu katikati ya maua.

"Mama!"

"Njoo tule," alisema Genoveva. "Na samaki wenyewe nimewazidishia chumvi."

Msichana alilikodolea macho lile doa likitanuka. Mkono ukaenda kwenye uzi, ukasita. Kisha akavuta kiti.