Karatasi ya Mlango wa Malsun

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba, mtaa wetu uliadhimisha Siku ya Nyumba za Kale, na siku hiyo ndiyo walinimaliza.

Watu wa ofisi ya mtaa walinihamishia kwa binti yangu siku tatu ili waipambe nyumba yangu, wao ambao hawajalala humo hata usiku mmoja. Niliporudi, wageni walijaa uani wakipiga picha. Mlango wa chumbani, ambao kama milango yote ya nyumba zetu za kale ni fremu ya fito iliyobandikwa karatasi, ulikuwa na karatasi nyeupe pe.

“Mzee, mbona umenuna?” ofisa wa mtaa akacheka. “Nyumba yako leo ni bibi harusi!”

“Karatasi yangu ya mlango iko wapi?”

“Ile kuukuu yenye madoa? Tumebandika mpya.”

Madoa! Marehemu mke wangu, Malsun, alikuwa akibandika maua katikati ya karatasi mbili, karibu na kishikio. Yale ya mwisho aliyabandika akiwa mgonjwa, na alama ya kidole gumba chake ikakaukia kwenye gundi.

Nikapapasa pale. Gundi yao ilikuwa bado mbichi.

“Mmeipeleka wapi?”

Ofisa akamtazama fundi aliyebandika ile mpya. Fundi akatazama jiko la kuni, wageni walikokuwa wakikaangiwa chapati za choroko.

“Mmeichoma?”