Jani la Mwindaji

Karani alipekua daftari mara ya pili, huku Mzee Ngalawile amesimama mbele ya meza ya vibali vya kuwinda kwenye lango la msitu.

"Baba, uko kwenye orodha ya wageni," Sekela, karani, alisema bila kuinua macho. "Wenyeji ni wa upande huu wa mto. Nyie mlihamishiwa ng'ambo."

"Mama yangu amezikwa nyuma ya hiki kibanda chako."

"Najua, baba. Ulinionyesha mwaka jana."

Wenyeji walikuwa wamegawiwa kulungu wawili tu. Waliobaki ni wa wageni, na mzee hakuwa na ada ya mgeni. Wanaume watatu wenye kofia mpya walikuwa wakishusha bunduki garini.

"Wale wanatafuta mtu wa kufuata nyayo," Sekela alisema kwa sauti ya chini. "Nimewatajia jina lako."

Mzee akawaendea wale watatu, kisha akatangulia mbele yao.

Hatua chache ndani ya lango, nyayo za kulungu zilikuwa zimechoreka kwenye tope, bado mbichi. Kwa desturi ya kwao mzee, mwindaji wa kwanza kuziona aliziwekea jani, ili wenzake wajue mnyama yule ana mwenyewe. Mzee akachuma jani, akalilaza pale polepole.

"Kaelekea wapi?" mgeni mmoja aliuliza.

Mzee akanyoosha mkono kuelekea bondeni. Wakampita mmoja mmoja, na buti la wa mwisho likalizamisha jani kwenye tope.