Khanga Ngazini

Tunsume alikuwa akipanda ngazi zilizochongwa mwambani, kando ya mto bondeni, na watu wa kale waliokimbilia bonde hilo wakati wa vita, aliposikia mto ukinguruma. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani.

“Panda, dada! Usinisubiri!” alipiga kelele Kajoro, mwenyeji aliyekuwa akimtembeza, akiwa bado chini mtoni.

Maji ya tope yalishamfika kifuani. Tunsume alitaka kukimbia. Badala yake akalala kifudifudi, akafungua khanga kiunoni, akairusha chini.

“Shika, kaka! Shika!”

Wimbi likamfunika Kajoro, asionekane tena. Tunsume akafumba macho, akang'ang'ania pindo. Mara khanga ikavutwa kutoka majini, ikakazika, ikamburuta hadi ukingoni mwa ngazi. Hakuiachia.