Mtungi Uliooshwa kwa Sabuni

Tarehe sita Julai, kulikucha na ukungu na baridi ya kuuma. Ndeshi aliufunua tena mtungi wa pombe ya ndizi. Hakuna hata povu. Kesho mumewe na kaka yake, waliogombana tangu msiba wa baba yao, wangepatana kwa kunywa kibuyu kimoja. Bila pombe, hakuna mapatano.

"Mtungi uliuosha na nini?" mama mkwe aliuliza.

"Na sabuni, mama."

"Yesu wangu! Umeua chachu yote iliyoshika ndani!"

Dawa ilikuwa mashapo ya pombe iliyochacha vizuri, na aliyekuwa nayo ni Kunda, mke wa shemeji yake huyohuyo. Hawakuwa wakisalimiana. Ndeshi alisali njia nzima, mara mbili akageuka kurudi, mwishowe akafika.

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi uani kwa Kunda waligeuka kumtazama.

Kunda aliposikia, alicheka. "Sabuni? Kwani mtungi ulikuwa unakwenda kanisani?" Lakini akamjazia kata ya mashapo.

Ndeshi aliipokea kwa mikono miwili, povu likimtiririka vidoleni.

"Sikieni nyote," alisema. "Wanaume wakikataa kesho, mimi na Kunda tutakunywa kibuyu hicho."